Kompyuta za mwendoni: maana yake, vifaa vyake na kasoro zake

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ulikuwa usiku wa sensa Tanzania. Makarani waliopita nyumba kwa nyumba hawakubeba madodoso ya karatasi kama ya mwaka 2012. Walibeba vishikwambi. Karani anaketi kwenye kigoda chini ya mwembe, anauliza jina la mkuu wa kaya, umri, elimu, maji mnachota wapi, anagusa kioo, anasonga kwa jirani. Penye mnara majibu yanasafiri. Pasipo mnara yanalala ndani ya kishikwambi mpaka afike penye mtandao. Kenya walikuwa wameshafanya hivyo katika sensa yao ya Agosti 2019. Hesabu ya Tanzania ilitoka watu 61,741,120.

Kazi ya karani yule ndiyo ninayoita hapa kompyuta ya mwendoni: matumizi ya kompyuta yasiyomfunga mtu mahali pamoja. Kazi inafanyika pale alipo, na akihama inahama naye. Ili hilo liwezekane vinahitajika vitu vitatu. Kwanza ni kifaa kinachotembea na umeme wake. Pili ni mawasiliano ya mawimbi ya redio badala ya waya. Cha tatu husahaulika mara nyingi, nacho ni programu iliyoandikwa na mtu aliyejua kwamba mtandao utakatika. Programu ya sensa ambayo ingegoma kila mnara unapopotea isingefika popote, hata kama kishikwambi kingekuwa cha bei mbaya kiasi gani.

Watu huchanganya kubebeka na kuwa mwendoni, na tofauti yake ni kubwa. Mwaka 1981 iliingia sokoni Marekani kompyuta iitwayo Osborne 1. Ilifungwa kama cherehani ya mkono ndani ya sanduku lake, ikawa na mpini, na uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi, zaidi ya nusu debe la mahindi. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5. Ilibebeka, ndiyo, ila ilitoka kiwandani bila betri, hivyo ukifika uendako unaanza kutafuta soketi. Ile ilikuwa kompyuta ya mezani iliyoenda safari. Kompyuta mpakato ya leo (Wakenya huiita kipakatalishi) imekaa katikati: ina betri na inashika mtandao hewani, lakini wengi wetu tunaitumia tukiwa tumekaa, na ukiingia kwenye daladala iliyojaa hutaifungua.

Mwaka 2007 kulitokea mambo mawili ya kukumbukwa, na maelezo mengi ya nje hukumbuka moja tu. Mwezi Juni kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone, simu ya kugusa iliyofanya vitufe vionekane vya kizamani. Miezi mitatu kabla, Machi, Safaricom ilikuwa imezindua M-Pesa nchini Kenya. Tanzania ikafuata mwaka 2008 kupitia Vodacom. M-Pesa ya mwanzo haikuhitaji intaneti wala kioo cha kugusa. Menyu yake ilikaa ndani ya laini ya simu, na maagizo yakaenda kwa ujumbe mfupi. Mama wa mbogamboga mwenye kitochi akawa anafanya miamala ambayo zamani ilihitaji foleni ya benki.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kompyuta ya mwendoni ilianza na simu janja. Chukua kitochi, kile Wakenya walichokiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, upige *150*00#, namba ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania. Hakuna programu inayofunguka ndani yake. Kitochi kinapeleka alama hizo kwenye kompyuta ya kampuni ya simu, nayo inarudisha menyu ya maandishi. Unachagua 1, inarudisha nyingine. Ujumbe mmoja wa namna hiyo hauzidi herufi 182. Hesabu yote inafanyika huko mbali, na kitochi ni dirisha tu. Simu janja nayo hufanya hivyohivyo zaidi ya tunavyodhani: ukitafuta njia kwenye ramani, kazi ya kuchagua barabara kwa kawaida hufanywa na kompyuta zilizo nchi nyingine, wewe unaletewa mstari wa buluu.

Kuhusu vifaa vyenyewe sitakaa sana, maana vingi unavijua. Kuna simu janja, na kuna kishikwambi, ambacho kilienea baada ya iPad kutoka mwaka 2010. Kuna saa janja inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Lakini orodha za vitabuni huacha vile visivyo na jina kubwa. Mashine ndogo ya EFD inayokutolea risiti dukani ni kompyuta ya mwendoni: ina betri, ina laini ya simu ndani, na inatuma mauzo mamlaka ya mapato. Kifaa kilichofungwa kwenye basi la mkoani, kile kinacholia dereva akizidisha mwendo, nacho kimo. Kinapokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 na ushee, kinajua basi liko wapi, kinatuma taarifa kupitia minara ya simu. Abiria anayelalamikia kelele zake hajui kwamba anabishana na kompyuta.

Basi hilohilo linafaa kueleza mtandao unavyofanya kazi. Eneo lote limegawanywa katika vipande vinavyoitwa seli, kila kimoja kikihudumiwa na mnara wake. Wazo hilo liliandikwa na wahandisi wa Bell Labs huko Marekani tangu mwaka 1947. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro huku unaongea na simu, mnara wa Kibaha unakukabidhi kwa wa Mlandizi, huo unakukabidhi kwa mwingine mpaka Chalinze, na kadhalika hadi Mikese, wala husikii chochote. Simu wakati wote inasikiliza ni mnara upi unasikika vizuri zaidi. Ukiwa mbali na minara, simu inapaza sauti yake, yaani inaongeza nguvu ya mawimbi inayotoa ili isikike. Hapo ndipo betri inapokwisha kabla hujafika, na wewe unamlaumu fundi aliyekuuzia.

Tukija kwenye kasoro, betri ndiyo ya kwanza. Ukikata waya wa umeme, umeme lazima ubebwe, na kuubeba ni kazi ngumu. Betri za lithiamu tunazotumia zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na waliozivumbua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019. Ni kazi nzuri mno, lakini betri huchakaa. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa haibebi tena kiasi ilichobeba ikiwa mpya, na joto huiua haraka zaidi. Simu iliyoachwa juu ya dashibodi Dodoma saa saba mchana inazeeka kuliko iliyokaa mfukoni. Ikivimba mpaka kioo kinaanza kunyanyuka, usiitoboe wala usiikandamize irudi. Inaweza kuwaka moto.

Kuna sehemu nyingine ya betri ambayo haiandikwi kwenye boksi la simu. Betri nyingi za lithiamu hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa Kolwezi na majirani zake. Madini ya koltani yanayochimbwa Rubaya, wilaya ya Masisi huko Kivu Kaskazini, hutoa metali ya tantali inayotumika kwenye vijisehemu vya kuhifadhi chaji vilivyochomelewa kwenye bodi ya simu. Wachimbaji wengi wa huko huchimba kwa sururu na koleo, na migodi ya Rubaya imegombaniwa kwa bunduki miaka mingi. Huko machimboni Kiswahili kinasikika kila siku, kwa lafudhi ya Katanga au ya Kivu. Kwa hiyo kasoro hii si habari ya ugenini kwetu.

Kasoro ya pili ni mtandao wenyewe. Tunasema simu haina waya, lakini ni kweli kwa kipande kimoja tu, kuanzia mkononi mwako hadi kwenye mnara. Kutoka hapo mawasiliano mengi husafiri kwenye nyaya za kioo zilizofukiwa ardhini, kisha kwenye mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ilikatika upande wa kusini, na nchi kadhaa za mwambao huu zikabaki na intaneti ya kusuasua. Tanzania iliumia zaidi ya wengi. Minara ilikuwa imesimama, simu zilikuwa na chaji, watu walikuwa na bando. Waliojaribu kufungua programu za intaneti waliona duara likizunguka tu. Waliopiga simu za kawaida ndani ya nchi waliongea kama siku zote, kwa sababu simu hizo hazikuhitaji kuvuka bahari.

Bando ni kero ya peke yake. Mpakato wa ofisini uliounganishwa na mtandao wa ofisi hauoni tofauti kati ya picha na video, lakini simu inayokula bando inaiona vizuri. Mimi niliwahi kununua bando la wiki jioni, nikalala data ikiwa imewashwa, nikaamka limekwisha. Sikuwa nimefungua kitu. Simu ilikuwa imejisasishia programu usiku kucha, kwa hisani yake yenyewe. Tangu siku hiyo nimeiagiza isasishe pale tu inapopata Wi-Fi. Ingia kwenye mipangilio ya duka la programu utalikuta chaguo hilo. Ni jambo la dakika moja, na linashangaza jinsi watu wengi walivyolipa kwanza ndipo wakalijua.

Kioo kidogo nacho ni tatizo, ingawa watu wamelizoea hata hawalioni. Kusoma unaweza, kuandika kwa muda mrefu unaumia. Nimekutana na wanafunzi wa chuo walioandika tasnifu nzima kwa kidole gumba, nikawapa heshima zangu, lakini majedwali yao yalikuwa na hali mbaya.

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, inatokana na jambo lilelile linalotufurahisha: kifaa kinatembea nasi. Kompyuta ya mezani haiibiwi kituo cha mabasi. Simu inaibiwa, na ndani yake kuna pesa, picha, barua pepe na njia ya kubadilishia nywila za vitu vingine vyote. Kwa kuwa kila huduma sasa inakutumia namba ya siri kwenye laini yako, mwizi hahitaji hata simu. Anayefanikiwa kumdanganya wakala amsajilie upya laini yako kwenye kadi nyingine anazipokea namba zote yeye. Halafu kuna wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Hawana ujuzi wowote wa kompyuta. Wanajua tu kwamba katika watu elfu mmoja, yupo ambaye saa hiyo anangoja kuambiwa pa kutuma kodi ya nyumba.

Pia simu inakufuatilia. Hata ukizima huduma ya mahali, kampuni ya simu inajua umeshikwa na mnara upi, vinginevyo isingeweza kukupigisha kengele. Programu nazo huomba ruhusa: tochi inataka majina ya watu wako, kikokotoo kinataka kipaza sauti. Ikiomba kisichohusiana na kazi yake, katalia. Mara nyingi itaendelea kufanya kazi vilevile. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Sheria zipo, ila kidole kinachobonyeza “kubali” bila kusoma ni chako.

Kwa aliye Tanzania, *106# itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, wahi dukani. Na kila simu, popote ilipo, ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, IMEI. Kwa namba hizo Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania ikazima za kwake tarehe 16 Juni 2016. Ndizo polisi watakazokuuliza simu ikiibwa, na ndizo zinazoweza kutumika kuifungia isishike mtandao. Piga *#06# sasa hivi uzione. Simu ya laini mbili itakupa namba mbili. Ziandike kwenye daftari, si ndani ya simu hiyohiyo.