Galactus hana uwezo wote

Bishana na mashabiki wa katuni za Marvel kuhusu nani ana nguvu kuliko wote, na hukosi kusikia jina la Galactus. Jitu linalokula sayari nzima nzima, nani ataliweza? Ndiyo maana wengi humwita mwenye uwezo wote. Sivyo.

Tazama alivyoingia. Ni mwaka 1966, katika katuni ya kundi la mashujaa Fantastic Four, ya Stan Lee na Jack Kirby. Anatua duniani tayari kuinyonya, na mashujaa hawamtikisi hata kidogo. Kisha Human Torch, mmoja wao, analeta kidude kinachotosha kiganjani, kilichochukuliwa ndani ya chombo cha Galactus mwenyewe. Kiongozi wao, Reed Richards, anakielekeza kwake, na jitu lile linaanza kujadiliana! Mwenye uwezo wote hatishwi kwa silaha ya mkononi.

Tena ana njaa, na njaa ndiyo udhaifu wake mkubwa. Asipokula nguvu zinamwisha. Katika toleo moja la mwaka 1982 alidhoofika hadi karibu kufa, akaokolewa na huyohuyo Reed. (Mimi ningemwacha.) Isitoshe, alizaliwa kama mtu wa kawaida aitwaye Galan, katika ulimwengu uliotangulia huu.

Juu yake wapo wengine: Eternity, ambaye ndiye ulimwengu wenyewe, na Living Tribunal, hakimu wa malimwengu yote. Hata huyo hakimu ana bwana wake, One-Above-All. Huyo ndiye mwenye uwezo wote, na huonekana kwa nadra sana.