Je, ni kweli bunduki ya pistoni haigomi?

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tanga, wengi waliopitia jeshi au mgambo husema bunduki ya pistoni kama AK-47 haigomi, ila M16, inayorudisha gesi moja kwa moja, hukwama kwa uchafu kidogo tu.

Imani hii ina mzizi wa kweli. Zote mbili huchota gesi ya baruti kupitia tundu dogo la mtutu, ili zijipakie risasi inayofuata. Kwenye AK gesi husukuma pistoni iliyo juu ya mtutu, na masizi mengi hubaki huko mbele. Kwenye M16 gesi hupita katika bomba jembamba hadi kwenye chuma kinachobeba bolti (kipande kinachofunga nyuma ya risasi), hivyo masizi na joto huingia ndani kabisa.

Lakini sifa mbaya ya M16 ilitoka Vietnam miaka ya 1960, na mfumo wa gesi haukuwa kosa pekee. Aina ya baruti ilibadilishwa. Chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, haikupakwa kromu (madini yanayozuia kutu), ikashika kutu, maganda yakang'ang'ania humo. Askari wengi wa Marekani hawakuwa hata na vifaa vya kusafishia! Kromu ilipowekwa na usafi ukafundishwa, kugoma kulipungua sana.

Linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni magazini, kisanduku cha kubebea risasi: ikipinda mdomo au springi ikichoka, hukwamisha bunduki ya mfumo wowote. Na upepo wa chumvi wa pwani yetu haubagui chuma.

Ukitazama video ya jaribio la matope, ambapo bunduki hupakwa matope kuona kama zitagoma, uliza: zilijaribiwa bunduki ngapi, kwa risasi na magazini zipi, na zilipakwa mafuta?