Gari inamisi, au inatetemeka tu?

Wiki iliyopita mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, aliniletea Corolla yake ya zamani, ile ya injini ya 5A-FE. "Mwanangu, nikisimama kupisha bodaboda inanitikisa mpaka mtandio unateleza." Alikuwa ameshabadilishiwa plagi zote nne na pampu ya mafuta huko alikotoka, na gari bado iko vilevile. Hela imekwenda kwenye spea kabla mtu hajaisikiliza.

Mimi nazima redio, naiacha injini kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha naweka kiganja juu ya usukani. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kila krenki, ule mhimili mkuu wa injini, inapozunguka. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo mkono husikia mvumo tu. Silinda moja ikilala, yaani isipowaka, na ndiyo kumisi kwenyewe, pengo lake hurudi kila baada ya mizunguko miwili, yaani kama mara 6 kwa sekunde. Huo si mvumo tena. Ni mdundo, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, na ukitega sikio unakaribia kuuhesabu. Kisha nenda nyuma, sikiliza ekzosi. Ikikohoa kwa mdundo uleule, gari inamisi. Ikipumua sawasawa huku bodi inatetemeka, tazama mauntini za injini, zile raba zinazoishikilia. Na kama mtetemo unakuja ukiwa spidi 80 tu na sailensa imetulia, usiniletee mimi, nenda kwa watu wa tairi wakufanyie balansi.

Ya mama ilikuwa inakohoa. Nikavua waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpira, kila waya niliouvua nikiuegemeza kwenye chuma cha injini. Usithubutu kwa mkono mtupu, ule umeme ni maelfu ya volti. Ukivua waya wa silinda nzima, injini inazidi kulemaa. Nilipofika ya tatu, haikubadilika kitu. Nikahamisha plagi ya tatu kwenda ya kwanza, tatizo likabaki palepale kwenye ya tatu. Plagi haina kosa.

Hapo nikamwomba mama aiache mpaka usiku. Akanitazama: "Wewe fundi hujui Tanga ni waja leo waondoka leo?" Ikabidi aondoke leo, gari ibaki.

Kigiza kilipoingia nikafungua boneti, taa zote nikazima, nikanyunyizia waya maji kidogo kwa ile chupa ya kupigia pasi. Cheche za buluu zikaanza kuruka kutoka shingo ya waya wa tatu kwenda kwenye silinda hedi. Mpira ulikuwa umechanika, pengine mtu aliuvuta kwa waya badala ya kushika kofia yake wakati wa kubadilisha plagi. Umeme hupita palipo rahisi, na ndani ya silinda, hewa iliyobanwa inaufanya ushindwe kuruka. Ndiyo maana gari ya namna hii hujitahidi tambarare ya Muheza, lakini ukianza kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, ukakanyaga mafuta, inaanza kukata. Na kofia ya distributa, inayogawa umeme kwa kila plagi, ndani ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye vituo vyake. Hewa yetu ya chumvi hiyo, nikaikwangua.

Waya zikiwa safi na cheche nzuri, ndipo unashuka chini. Weka bisibisi kwenye nozeli inayonyunyiza petroli na mpini sikioni, inatakiwa ilie tik-tik. Gari inayomisi kwenye sailensa ikatulia ukipiga resi, mara nyingi inavuta hewa ya wizi kwenye mpira wa hewa uliopasuka. Kama maji ya rejeta yanapungua na plagi moja imetoka safi kama imeoshwa, jiandae kwa habari ya gasketi ya silinda hedi, maji yanaingia ndani ya silinda. Kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, napima mwisho.

Ila usiizungushe mjini wiki nzima eti bado inatembea. Petroli isiyowaka ndani inakwenda kuungulia kwenye ekzosi, na kama katalitiki, kile kichujio cha moshi, bado ipo, itaiva.

Mama alikuja asubuhi, nikamfungia seti mpya ya waya. Ule uliopasuka aliuomba. Kauweka juu ya dashibodi, anasema ana mtu wa kumwonyesha.