Je, Wajua Kwa Nini Unga wa Mende Ukimwagwa Mwingi Hauui?

Ingia jikoni katika ploti nyingi za Nyalenda kule Kisumu au Kaptembwo hapa Nakuru, utakuta mstari mweupe wa dawa nyuma ya jiko, mnene kama unga wa ugali uliomwagika. Mende wanaupita pembeni. Mwenye chumba analalamika kwamba ameuziwa feki, anarudi dukani, anaongeza unga juu ya unga, na mende wako vilevile. Mara nyingi dawa haina kosa lolote. Imezidi tu.

Mende hutembea gizani akitanguliza vipapasio vyake viwili virefu, akigusagusa mbele na pembeni. Vikikuta rundo la unga, anageuka. Lakini unga ukiwa mwembamba kiasi kwamba hata wewe hauuoni vizuri mpaka uinamishe tochi, anaukanyaga bila habari, nao unamganda miguuni na tumboni. Hapo ndipo anapoponzwa na usafi wake. Ndiyo, usafi. Mdudu huyu tunayemwita mchafu hujisafisha kila mara: hukishusha kipapasio kwa mguu wa mbele, akakipitisha mdomoni chote kuanzia shinani hadi nchani, kisha akarudia miguu, mmoja baada ya mwingine. Asipofanya hivyo, nta ya mwili wake hujikusanya kwenye vipapasio na pua yake, tuseme, huziba. Uchafu wote anaoutoa, anaumeza.

Asidi ya boriki, mojawapo ya unga wa kuulia mende, inafanya kazi kwa njia hii hasa. Ikifika tumboni huharibu utando wa utumbo, na mende hufa baada ya siku kadhaa, pengine wiki nzima. Anayetaka kuona mizoga asubuhi ya kesho atavunjika moyo bure. Sifa yake kubwa ni kwamba haimfukuzi mende, na ikibaki kavu mahali pasipoguswa, hudumu na nguvu yake kwa miezi.

Unga wa diatomaiti ni habari nyingine. Mawe yake meupe yanachimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, na ni mabaki ya mimea midogo mno ya majini iliyokuwa ikiishi ziwani zama za kale. Hauna sumu ya kumezwa. Unafyonza nta inayofunika ngozi ya mende, maji yakamtoka mwilini, akakauka. Ukishika unyevu hauna maana tena, kwa hiyo nyumba ya Kisumu wakati wa mvua za Aprili, sinki ikivuja na sufuria ikitoa mvuke kutwa, si mahali pake.

Halafu kuna jamii ya pareto. Maua yanayolimwa Molo na nyanda za Mau yamesindikwa Nakuru kwa miongo mingi, na sumu yake hushambulia neva: mende huanguka chali akitikisa miguu ndani ya dakika chache tu. Mwanga wa jua huivunja upesi, ndiyo maana unga mwingi wa madukani, pamoja na ile chaki ya mende, una binamu zake za kiwandani kama permethrini na deltamethrini. Hizi hudumu zaidi, lakini humkera mende, na akikerwa huhamia chumba cha pili. Isitoshe, mende wadogo wa nyumbani wamejenga usugu dhidi yake katika sehemu nyingi za dunia. Ukitumia aina moja kwa miezi miwili na hesabu yao haipungui, usiongeze kipimo. Badilisha aina.

Kabla ya kununua chochote, mtazame mende mwenyewe. Yule mkubwa mwekundu wa urefu wa sentimita 4 ni mgeni kutoka chemba na vyoo. Kwake, wavu kwenye tundu la maji na mfuniko wa chemba uliokaa sawasawa vinasaidia kuliko unga wa jikoni. Yule mdogo wa kahawia, sentimita moja na nusu hivi, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ndiye mwenyeji. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alimpa jina la Ujerumani mwaka 1767, ingawa asili yake ni Asia. Jike hubeba mfuko wenye mayai 30 hadi 40 na huuachilia pale tu yanapokaribia kuanguliwa. Kwenye joto la Kisumu watoto hukomaa kwa muda wa miezi miwili hivi. Kwa baridi ya Nakuru huchukua muda zaidi. Kwa hiyo ukiona vitoto wiki ya tatu, si kwamba dawa imeshindwa. Hao ni wa mayai ya zamani, nao watapita njia ileile, mradi hujaifagia.

Sasa kazi yenyewe. Usiku wa kwanza usiweke chochote. Zima taa saa nne, ngoja nusu saa, kisha washa tochi ghafla uone wanakimbilia wapi. Tafuta pia vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa: hicho ni kinyesi chao, na kinaonyesha maficho kuliko kitu kingine. Mara nyingi utavikuta kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji karibu na mota yenye joto, chini ya sinki, ndani ya fremu ya mlango na nyuma ya kalenda ya ukutani.

Kesho yake osha mafuta na mabaki, acha pakauke kabisa, toa vyombo na chakula. Chukua chupa tupu ya sosi ya nyanya yenye mdomo mwembamba, iliyooshwa na kukaushwa siku nzima. Tia unga hadi theluthi moja tu, pamoja na punje tano au sita za maharagwe makavu za kuvunja madonge. Vaa barakoa na glavu. Tikisa, ishike wima mdomo ukiwa juu, elekeza kwenye ufa na ubonyeze kidogo, itoke pumzi ya vumbi. Ukiipindua chini utamwaga donge, na tumerudi kulekule. Chumba kimoja hakimalizi vijiko viwili vya chai. Usipulizie kwenye soketi za umeme, wala mahali mtoto anapotambaa au unapokatia mboga.

Baada ya hapo usipige deki kwenye nyufa hizo, na usipulizie dawa ya kopo juu yake: inalowesha unga na kuwatimua mende uliotaka waukanyage.

Kuhusu kununua, unga wa wachuuzi uliofungwa kwenye karatasi ya nailoni bila lebo uuache. Pakiti halali ina jina la sumu na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu. Dawa ya kuhifadhi mahindi haifai chumbani, na vile vidonge vya ghalani vinavyotoa gesi vimeua watu waliolala. Permethrini ni hatari kwa paka na kwa samaki, kwa hiyo mabaki yasimwagwe mtaroni, hasa mitaro inayoelekea ziwani.

Kupima maendeleo, paka mafuta ya kujipaka ndani ya shingo ya chupa ya jemu, weka kipande cha mkate, iache kando ya friji usiku mmoja kila wiki, uhesabu walionaswa. Idadi ikishuka kisha ikasimama, tazama ukuta wa jirani. Katika ploti ambazo vyumba viwili vinatumia ukuta mmoja wanapita kwenye tundu la bomba, na vyumba vyote vikipuliziwa siku moja hawana pa kuhamia. Tundu hilo lizibe kwa saruji, lakini lipulizie unga kwanza. Ukiziba kabla, walio ndani ya ukuta watatafuta njia nyingine ambayo hujaijua.