"Adiós" si kwaheri ya kila mahali

Wengi wanaoanza kujifunza Kihispania huamini kwamba neno adiós ndilo kwaheri inayofaa kila mahali na kila saa. Neno lenyewe ni sahihi, nalo limetokana na maneno a Dios, yaani "kwa Mungu", mabaki ya dua ya kumkabidhi anayeondoka kwa Muumba wake. Lakini katika sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini, likitamkwa kwa uzito, huweza kumfanya msikilizaji ahisi kwamba mnaachana kwa muda mrefu, pengine moja kwa moja.

Madukani nchini Hispania husikika sana hasta luego, "hadi baadaye", ambayo huambiwa hata mgeni asiyetarajiwa kurudi, kwa hiyo isichukuliwe kuwa ni ahadi ya kukutana. Waargentina husema chau, neno lenye asili ya Kiitalia, na marafiki wa nchi nyingi huagana kwa nos vemos, ambayo ni "tutaonana" yetu hasa.

Jambo ambalo naona linastahili kufundishwa mapema ni kwamba nchini Kosta Rika, watu wanaopishana njiani bila kusimama husalimiana kwa neno hilohilo, adiós.