Slaida 31, zinazofanya kazi ni sita: ikwalaiza ya kitaalamu sebuleni

Kwenye rafu yangu, chini ya amplifaya, ipo ikwalaiza, chombo cha kupandisha au kushusha nguvu ya kila sehemu ya sauti, ya aina ile inayofungwa kwenye makabati ya vyombo vya jukwaani: slaida (vitufe vya kusukuma juu na chini) 31 za chaneli ya kushoto na 31 za kulia, kuanzia Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi Hz 20,000. Anayeiona kwa mara ya kwanza hutarajia lile umbo la bakuli: besi juu, katikati chini, trebo juu. Anachokikuta ni mstari ulionyooka, isipokuwa slaida sita zilizopangana upande wa kushoto, ambazo zimeshushwa. Kwa ajili ya hizo sita ndiyo maana niliinunua.

Tatizo la sebule nyingi liko kwenye kuta. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Chukua urefu wa chumba, uzidishe kwa mbili, kisha ugawe 343 kwa jibu hilo. Utapata masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo chumba chenyewe hupenda kuyavumisha. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.3, kwa hiyo inavuma kwenye Hz 40. Upana wake wa mita 3.4 unatoa Hz 50, na dari lililo mita 2.7 juu linatoa karibu Hz 63. Gitaa la besi likigusa mojawapo ya hizo, kuta zinaidaka sauti na kuirudisha, inarundikana, na inaendelea kuvuma hata baada ya mpigaji kuinua kidole kwenye uzi. Watu husifia hali hiyo wakiita besi nzito. Mimi huniumiza, kwa sababu noti tatu tofauti zinasikika kama noti moja.

Kitufe cha besi cha amplifaya hakiwezi kutibu hilo, maana kinashusha eneo zima la chini, zuri na baya kwa pamoja. Ikwalaiza ndogo za nyumbani zenye slaida kumi nazo zina pengo kubwa: moja iko karibu na Hz 31, inayofuata karibu na 62, na ugonjwa wangu wa Hz 40 unakaa katikati yao. Ile ya kitaalamu ina 31.5, 40, 50, 63, 80, hatua ndogo ndogo za theluthi ya oktava (oktava ni masafa yanapozidishwa mara mbili). Ndiyo faida yake nyumbani, na sioni nyingine kubwa kuliko hiyo.

Kuiunganisha ndiko kunakowakatisha tamaa wengi. Vyombo vya studio na jukwaa vimepangwa kufanya kazi kwa kiwango cha volti 1.23, vya nyumbani kwa volti 0.316. Tofauti hiyo inakaribia desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na maana yake ni kwamba mawimbi ya nyumbani yanaingia yakiwa dhaifu, karibu zaidi na ule mchirizo wa "shhh" ambao kila saketi inao. Kicheza CD hakina shida hiyo, kwani hufika volti 2. Shida huja ukiiweka ikwalaiza mahali pasipofaa. Amplifaya ikiwa na tundu za kaseti, za kurekodi na za kusikiliza, tumia hizo: pale mawimbi hayajapita kwenye volyumu bado, hivyo yanaingia kwenye ikwalaiza kwa nguvu ileile, uwe unasikiliza usiku kwa sauti ya chini au mchana kwa kishindo. Ukiiweka kati ya priamplifaya (sehemu yenye volyumu) na amplifaya ya nguvu (inayosukuma spika), kila unapopunguza volyumu muziki unashuka lakini "shhh" inabaki palepale, na usiku utaisikia.

Plagi nazo ni tofauti. Nyumbani tunatumia pini za RCA zenye njia mbili. Kwenye vyombo vya kitaalamu kuna jeki nene ya mm 6.35 au XLR yenye pini tatu. Kwenye XLR, pini ya 2 hubeba mawimbi, ya 3 hubeba mawimbi hayohayo yakiwa yamegeuzwa, na ya 1 ni ngao, ile kinga inayouzunguka waya. Kwa waya wa kuingia, pini ya 2 inakwenda katikati ya RCA, na ya 1 na ya 3 zinaunganishwa pamoja na kwenda kwenye gamba la nje la RCA. Waya wa kutoka usiuchome kwa risasi ya kulehemu kabla ya kusoma kitabu cha chombo chako: saketi nyingine zinataka pini ya 3 iachwe huru, nyingine zinataka ifungwe na ya 1.

Nilipowasha yangu mara ya kwanza, spika zilitoa mvumo mzito usiokoma. Ikwalaiza ilikuwa na waya wa ethi, na kompyuta iliyounganishwa kwenye amplifaya nayo ilikuwa na wake, kwa hiyo umeme ukapata duara la kuzungukia kupitia ngao za waya zangu. Fundi mmoja aliniambia nikate mguu wa ethi kwenye plagi. Usifanye hivyo hata kidogo. Mguu ule upo ili chombo kikipata hitilafu, umeme upite kwake na si kwenye mkono wako. Mimi niliweka transfoma ndogo ya kutenganisha mawimbi kati ya kompyuta na amplifaya, na mvumo ukakoma papo hapo.

Baada ya hapo, kabla ya kugusa slaida yoyote, nilihamisha kiti. Kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyuma, mahali ambapo Hz 40 ina shinikizo kubwa kuliko popote. Niliweka maikrofoni ya kupimia pale kichwa kinapokaa, nikatumia Room EQ Wizard, programu isiyolipiwa, na grafu ikaonyesha mlima wa desibeli 11. Nikakisogeza kiti mbele sentimita 60. Mlima ukabaki desibeli 8. Hizo tatu nilizipata bure.

Kisha nikacheza toni moja tu ya Hz 40, nikaweka kidole kwenye slaida na kuiteremsha polepole. Kwenye desibeli 2 hakuna nilichosikia. Kwenye 4, kioo cha kabati kiliacha kutetemeka. Kwenye 6 toni ikalingana na zile za jirani, nikaacha hapo. Ile ya 50 ikashuka 3, ya 63 ikashuka 4, na za 80, 100 na 125 kidogo kidogo. Baada ya kila slaida nilipima upya, na hili nalisisitiza, kwa sababu slaida za jirani huingiliana. Mbili zilizoshushwa 3 kila moja huchimba kati yao shimo lenye kina kikubwa kuliko unavyolisoma kwenye paneli.

Utaona nilishusha tu. Mashimo kwenye grafu nayo yalikuwepo, na moja lilikuwa karibu na Hz 86, kwa sababu spika zilisimama mita moja mbele ya ukuta. Sauti inayogonga ukuta ule inarudi imechelewa nusu ya wimbi na kuifuta ile inayotoka mbele. Ukiipandisha slaida, unapandisha zote mbili, nazo zinaendelea kufutana vilevile. Unachopata ni amplifaya iliyochoka. Desibeli 10 za kuongeza ni wati mara kumi: palipotosha wati 5 sasa panadai 50. Niliyoyaona kwenye spika zilizoletwa kwangu zikiwa zimeungua koili yananifanya nisichoke kulisema hili. Dawa ilikuwa kuzisogeza spika hadi sentimita 40 kutoka ukutani. Shimo likapanda hadi karibu na Hz 214 na kupungua kina. Ukuta uliongeza besi kidogo chini, lakini ziada ikwalaiza inaiweza.

Juu ya Hz 300 sigusi karibu chochote. Huko maikrofoni na sikio hawasikii kitu kimoja: maikrofoni inajumlisha sauti ya spika na mwangwi wa kuta, sikio linazitenganisha. Ukinyoosha grafu hadi Hz 20,000 pale kitini, muziki utakuwa mkali na wenye kuchosha. Na ukigusa, slaida za kushoto na kulia zilingane, la sivyo mwimbaji atahama kutoka katikati.

Siku za kwanza muziki utaonekana mwembamba. Sikio limezoea uvumaji, linautafuta. Ukilinganisha kwa swichi ya kuipita ikwalaiza, pandisha volyumu kidogo unapokuwa na marekebisho, maana sauti iliyo juu zaidi kila mara huonekana bora, hata kwa tofauti ya desibeli moja. Mimi ilinichukua wiki hivi. Kisha jioni moja nikasikia, kwenye rekodi niliyoisikiliza kwa miaka, gitaa la besi likishuka ngazi noti kwa noti, kila moja ikiwa na mwanzo na mwisho wake. Niliirudia sehemu ile mara nne.

Washa ikwalaiza kabla ya amplifaya, na uizime baada yake, ili mshindo wa kuwasha usifike kwenye spika. Namba za slaida ziandike kwenye karatasi na uibandike nyuma ya chombo. Kitambaa cha kufuta vumbi kikipita mara moja tu, kazi ya jioni nzima imepotea.