Meno ya kahawia si meno machafu: wekeni chini hayo makala (makaa)

Naandika haya nikiwa na hasira kidogo, na msomaji anisamehe. Juma hili ameletwa kwangu, hapa Goma, msichana wa shule ambaye fizi zake zilikuwa zimechubuka, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamelika karibu na ufizi hata hewa ya baridi tu ilimchoma. Hakuwa na ugonjwa wowote wa kinywa. Alikuwa na mama mwenye bidii kupita kiasi. «Dokta, huyu mtoto ni mvivu wa mswaki. Ni mimi mwenyewe namsugua na makala kila asubuhi, na bado meno ni ya kahawia,» mama huyo alinieleza, huku binti akifunika mdomo kwa kiganja kama wafanyavyo karibu wote wenye meno ya namna hiyo.

Imani kwamba jino la kahawia ni jino lisilopigwa mswaki nimeikuta kwa wazazi, kwa walimu wanaokagua usafi wa wanafunzi asubuhi, kwa vijana wanaotaka kuoa, na, jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa baadhi ya wenzangu waliovaa koti jeupe. Kutokana nayo watu husugua meno kwa unga wa makala, majivu, mchanga mweusi wa volkeno, ndimu iliyochanganywa na chumvi, na hata maji ya kufulia nguo nyeupe. Nitaeleza kwa nini kazi hiyo yote ni bure, kisha nitaeleza kwa nini ni mbaya kuliko bure.

Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hujengwa ndani ya taya kabla jino halijatokeza. Meno ya mbele ya kudumu huanza kupata madini yake mtoto akiwa na umri wa miezi michache tu, na taji (sehemu zinazoonekana kinywani) za meno yote ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, huwa zimekamilika anapokaribia miaka 8. Iwapo katika miaka hiyo mtoto anakunywa maji yenye floraidi nyingi, yaani madini ya asili yanayoyeyuka katika maji, enameli hubaki na vitundu vidogo sana chini ya uso wake, visivyoonekana kwa macho, kwa sababu madini hayakujaa yalivyopaswa kujaa. Ni sawa na tofali ambalo udongo wake ulikandwa vibaya kabla ya kuchomwa: likishatoka tanurini, hakuna kuliosha kutakakolibadilisha. Chembe hai zilizojenga enameli hutoweka jino linapotokeza, na haziji tena.

Sasa nakuja kwenye hoja ambayo wazazi hunirushia wakidhani wamenishinda. Husema: «Lakini Dokta, jino lilitoka jeupe, ukahawia ukaja baadaye, basi ni uchafu.» Wameona vizuri na wamehitimisha vibaya. Jino lenye athari ya floraidi hutokeza likiwa na weupe usio na mng'ao, weupe wa chaki, wenye mistari ya mlalo au mabaka. Baada ya miezi au miaka kinywani, vile vitundu hunyonya rangi ya chai, ya vyakula na ya vitu vingine vipitavyo mdomoni, na mabaka yale hugeuka manjano, kisha kahawia. Kwa hiyo rangi hutoka nje, nakubali, lakini inakaa ndani ya enameli, si juu yake. Mtu anayepiga mswaki mara tatu kwa siku ataipata, na ndugu yake asiyepiga mswaki kabisa, ambaye alikulia mahali penye maji mengine, hataipata. Yule wa pili atapata utando, ugaga na fizi zinazotoka damu, ambavyo ni vitu tofauti kabisa.

Kutofautisha si kazi ya daktari peke yake. Mabaka ya floraidi huwa pande zote mbili kwa mfano unaolingana: jino la kulia likiwa na mstari, mwenzake wa kushoto huwa nao karibu mahali pale pale, kwa kuwa yalijengwa wakati mmoja. Ugaga hukaa karibu na ufizi, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, na chombo cha daktari huuondoa ukidondoka vipande vipande. Jino linalooza huanza kuharibika kwenye mifereji ya magego, kati ya jino na jino, au kandokando ya ufizi ambako utando umekaa muda mrefu, na sehemu hiyo mwishowe hulainika. Yako pia mabaka ya kijivu yanayotokana na dawa ya tetrasaikilini iliyomezwa utotoni au na mama mjamzito, lakini sitakaa huko.

Kwamba maji ndiyo chanzo, hilo si jambo la jana. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia ambayo hakuna kitabu alichosoma kilichoyaeleza. Alihangaika nayo miaka mingi, akisaidiwa na Greene Vardiman Black, bingwa wa fani yetu wa wakati huo, na wote wawili wakashangazwa na jambo moja: meno yale yenye madoa hayakuoza kwa urahisi. Ilikuwa mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill, aliyefanya kazi katika kampuni ya alumini, alipokuta floraidi katika maji ya mji wa Bauxite, Arkansas. Kutoka hapo likazaliwa wazo la kuweka floraidi kidogo katika maji ya mji, lililoanza kutekelezwa Grand Rapids, Michigan, mwaka 1945.

Sisi hatukuhitaji kuwekewa. Tunakaa chini ya Nyiragongo. Watu huukumbuka mlima huu kwa lava ya Januari 2002 na ya Mei 2021, lakini hata pale ambapo hautishi mtu, hutoa gesi ambazo ndani yake mna asidi ya floraidi, na mvua huzichukua zikashuka nayo. Kila mwenye nyumba anajua jinsi mabati yanavyoliwa na kutu upande huu. Familia nyingi, hasa katika vijiji vya magharibi ya mlima ambako upepo hupeleka moshi mara nyingi, hunywa maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati hayo hayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na maji ya mvua yaliyopimwa karibu na mlima yamekutwa yakizidi kiwango hicho. Wala hatuko peke yetu: Bonde la Ufa lote, kutoka Ethiopia kupitia Nakuru hadi Arusha, lina watu wenye meno kama yetu.

Hapa lazima nimalize haraka upotofu mwingine. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, ile iliyobaki huwa nzito zaidi. Klorini nayo haiigusi. Je, tuache kuchemsha? Hapana, jamani! Kipindupindu huua kwa saa chache, doa la jino haliui mtu. Chemsheni, tieni klorini kama mlivyofundishwa, wala asije mtu kusema kwamba daktari wa meno amekataza.

Linalowezekana nyumbani ni dogo, lakini lipo. Baada ya siku nyingi za ukavu, mvua ya kwanza iachwe ioshe mabati ndipo bidoni iwekwe, kwa sababu ile ya kwanza hubeba vumbi na majivu yaliyotua juu ya paa. Jambo hili hupunguza, halimalizi. Kama nyumba ina maji ya aina mbili na moja yanajulikana kwa vipimo kuwa na floraidi kidogo, hayo yawe ya kunywa na kupikia watoto walio chini ya miaka 8, na watu wazima wanywe mengine, kwa maana jino lililokwisha kutokeza haliwezi tena kupata athari hii. Ila maji yanayozidi sana kiwango kwa miaka mingi huweza kudhuru mifupa, kwa hiyo watu wazima nao wasijione hawahusiki kabisa. Mtoto anyonyeshwe, kwa sababu maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana hata mama anapokunywa maji yenye nyingi. Chai ya majani isiwe kinywaji cha mtoto mdogo: mchai hukusanya floraidi katika majani yake, tena chai nzito ya rangi ndiyo mbaya zaidi. Kuchuja maji kwa mifupa iliyochomwa, kama walivyofanya watafiti wa kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha, hufanya kazi, lakini chujio hilo huchoka na lazima libadilishwe, na si jambo la kujibunia jikoni.

Turudi kwa makala. Enameli ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini karibu na ufizi ni nyembamba, na chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili yake ni ya manjano. Anayesugua kwa mchanga au makala anapunguza ganda jeupe na kuikaribisha dentini, kwa hiyo kila mwaka jino lake linazidi kuwa la manjano, naye anazidi kusugua. Ndimu ni adui wa namna nyingine: enameli huanza kuyeyuka pale kipimo cha uasidi (pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi) kinaposhuka chini ya takriban 5.5, na maji ya ndimu yako chini sana ya hapo. Ukitia asidi kwanza kisha ukasugua na chumvi, umelainisha ndipo ukakwangua. Haki ya kusema hivyo wanayo wale wanaodai kwamba rangi ilipungua kidogo. Tabaka la juu kabisa la doa huweza kutoka. Lakini limetoka pamoja na enameli.

Basi tupige mswaki vipi? Mswaki laini, usiku kabla ya kulala na mara moja nyingine kwa siku, dakika mbili hivi, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Wa usiku ndio wa lazima, kwa kuwa mate hupungua tukilala, na mate ndiyo yanayorudisha madini na kuzimua asidi. Ukimaliza, tema povu wala usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya jino. Ukinywa soda au ukila chungwa, subiri nusu saa ndipo upige mswaki. Kuhusu sukari, kinachoharibu si wingi wake tu bali mara ngapi inaingia: vikombe viwili vya chai tamu vinavyonywewa pamoja na chakula havina madhara ya kikombe kimoja kinachonywewa funda kwa funda kutoka asubuhi hadi saa sita, kwa sababu kila funda huanzisha upya uasidi unaodumu zaidi ya dakika ishirini. Mwuza duka anayekaa na chupa ya soda chini ya meza siku nzima namfahamu kwa magego yake kabla hajaniambia kazi yake. Uzi wa kusafishia katikati ya meno naupendekeza, ingawa ushahidi wake ni dhaifu kuliko tunavyojifanya tukiwa mbele ya mgonjwa. Kijiti cha mti kilichotafunwa kikalainika kinafaa, mradi hakichomi fizi.

Hapo msomaji makini ananiuliza: umetuambia floraidi imeharibu meno ya watoto, kisha unatuambia tuipake? Ndiyo. Iliyoharibu ni ile iliyomezwa wakati jino likijengwa. Ile inayogusa uso wa jino lililokwisha kutoka hulikinga lisioze. Kwa mtu mzima sina shaka hata kidogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 vitabu vinasema apakwe kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, naye afundishwe kutema. Lakini vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya mtoto anayeishi chini ya moshi wa volkeno akinywa maji ya mvua. Kwa mtoto kama huyo nabaki na punje ya mchele hadi nimwone anatema vizuri mwenyewe, na mzazi ndiye anashika dawa. Huenda nazidisha uangalifu, huenda naupunguza. Wenzangu wawili wakikaa meza moja watakupa majibu mawili. Vilevile siwezi kukueleza kwa uhakika kwa nini watoto wawili wa tumbo moja, walionyweshwa maji ya bidoni moja, mmoja ana mistari hafifu na mwingine ana meno yaliyojaa vishimo. Urithi, lishe, hata mwinuko wa nchi vimetajwa, na mjadala haujafungwa.

Vishimo hivyo ndivyo vinavyohitaji jicho la daktari mapema, kwa maana jino lenye athari kali, tofauti na yale ya McKay, hushika utando na huweza kuoza na kumeguka. Mwenye madoa tu ana hiari. Dawa za kung'arisha zinazouzwa madukani mara nyingi huyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi kwa muda, na wengi hurudi wakilalamika. Sisi tunaweza kukwangua tabaka jembamba sana kwa asidi maalumu na unga laini, chini ya ulinzi wa mpira unaofunika fizi, au kufunika uso wa jino kwa rezini (aina ya plastiki ngumu) ya rangi ya jino. Njia ya kwanza hutosha kwa madoa yasiyo na kina, ya pili hudumu miaka kadhaa kisha hurudiwa, na gharama ya kuirudia iulizwe kabla ya kuanza. Kwa msichana yule nimefunika zile sehemu zilizolika ili asiumie, nimempa mswaki laini, na madoa yenyewe nimeyaacha hadi fizi zipone na meno yake ya kudumu yamalize kutoka, ndipo aamue mwenyewe kama yanamsumbua.